Kifua kipana cha Gandy na mtaji wa wauza suruali

WAFANYABIASHARA wa nguo za kiume ambao bado wana mzigo wa suruali za kubana uliododa stoo wana sababu nzuri ya kuifahamu kazi ya Mwingereza David Gandy. Huyu ni mwanamitindo mwenye kifua kipana aliyejipatia fedha nyingi katika miaka ileile ambayo majukwaa ya Paris na Milan yalikuwa yakitafuta vijana wembamba. Habari yake inahusu bei, muda, na nani hubaki na mali mkononi soko linapogeuka.

Gandy alizaliwa mwaka 1980 huko Billericay, katika jimbo la Essex, mashariki ya London. Hakuingia katika kazi hii kwa mpango wowote. Mwaka 2001 mtu aliyekuwa akiishi naye nyumba moja wakati wa chuo alimwandikisha, bila yeye kujua, katika shindano la kutafuta wanamitindo lililoendeshwa na kipindi cha asubuhi cha televisheni ya ITV. Akashinda. Zawadi ilikuwa mkataba na wakala wa Select wa London.

Mwaka huohuo, ng'ambo ya mlango wa bahari, lilitokea jambo ambalo lingemfungia milango kwa miaka kadhaa. Mfaransa Hedi Slimane alionyesha nguo zake za kwanza za kiume katika nyumba ya Dior: koti jembamba lenye mabega madogo, suruali iliyoshika mguu tangu paja hadi kifundo, na tai nyembamba kama utepe. Walioingia katika nguo hizo walikuwa vijana ambao wengi wao mtu angewaona njiani akadhani wametoka kuugua.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili katika biashara inabidi kukumbuka jinsi nguo za jukwaani zinavyotengenezwa. Mbunifu hashoni saizi zote. Hushona saizi moja ya sampuli, kisha hutafuta watu wa kuiingia. Mwanamitindo ambaye hafungi kifungo cha koti hapati kazi, hata awe na sura nzuri kiasi gani. Gandy, mwenye urefu wa karibu meta 1.9 na mabega ya mchezaji wa raga, alikuwa mpana mno kwa sampuli za wakati ule.

Nguvu ya mkato wa Slimane ilionekana pale mbunifu mkongwe Karl Lagerfeld alipopunguza kiasi cha kilo 42 katika muda wa miezi 13, akieleza hadharani kuwa alitaka kuvaa nguo za kijana huyo. Mtu anapokonda ili suti imwingie, badala ya kumwambia fundi aipanue suti, mfanyabiashara ajue kuwa mtindo umekwisha kuwa amri.

Amri hiyo ilisafiri. Kutoka majukwaani ikaenda kwa wanamuziki, kutoka kwa wanamuziki ikaenda katika maduka ya bei nafuu ya Ulaya, na kutoka hapo ikaingia viwandani China na Uturuki. Ilipofika Dar es Salaam ilipata jina lake: suruali ya modo. Jina lenyewe linatoboa siri ya asili yake, kwani neno hilo limetokana na la Kiingereza la mwanamitindo. Kijana wa Manzese aliyevaa modo huenda hakuwahi kusikia jina la Slimane, lakini alikuwa amevaa sampuli ya Paris iliyofika kwa kuchelewa.

Wazee wa mji hawakuishangaa sana. Wanakumbuka kuwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na pia suruali za kubana. Baadaye yakaja mabugaluu ya miaka ya 1970, mapana chini kama kengele, nayo yakapigiwa kelele vilevile. Upana wa mguu wa suruali umekuwa ukipanda na kushuka kama bei ya karafuu.

ALIPOKUWA MNUNUZI

Miaka ya mwanzo Gandy alifanya zaidi kazi za katalogi na matangazo ya kawaida. Ni kazi zenye ujira wa uhakika lakini hazimjengi mtu jina: leo sweta, kesho buti, keshokutwa koti la mvua. Wengi hubaki hapo hadi nywele zinapopungua. Yeye aliamua kuachana na kazi za aina hiyo ili apate nafasi ya kufanya kazi na wapiga picha na nyumba kubwa, jambo ambalo kwa mtu anayelipwa kwa siku ni sawa na kufunga duka kwa matumaini ya kufungua kubwa zaidi.

Nyumba iliyomchukua ni Dolce & Gabbana ya Italia. Kampuni hiyo iliyoanza mwaka 1985 ilijenga jina lake juu ya picha ya mwanamume wa kusini mwa Italia, mwenye jua usoni na nyama mwilini, na haikuwa na haja ya kumfuata kila mtu kwenye wembamba. Mwaka 2007 ilitoa manukato ya kiume ya Light Blue, na tangazo lake likapigwa na Mario Testino huko Capri: Gandy amelala ndani ya mashua, amevaa chupi nyeupe ya kuogelea na hana kingine chochote. Picha hiyo ilitundikwa Times Square, New York, ikiwa na kimo cha futi 50.

Mfanyabiashara aitazame picha hiyo kwa jicho la kazi yake. Haikuwa na suti wala suruali. Haikuuza mkato wowote wa msimu. Iliuza chupa ya manukato, bidhaa isiyo na saizi, isiyorudishwa dukani kwa sababu imebana, na ambayo haidodi kwa sababu tu mabega yamepanuka mwaka huu. Nyumba nyingi za mitindo huishi kwa namna hiyo. Jukwaa hutengeneza jina, lakini mauzo makubwa hutoka kwenye manukato, mikanda, miwani, mikoba na nguo za ndani, vitu ambavyo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuvinunua hata kama koti lenyewe hatalimudu maishani.

Manukato yenyewe wakati huo hayakuwa yakitengenezwa na nyumba hiyo. Leseni ilikuwa mikononi mwa Procter & Gamble ya Marekani, kampuni inayojulikana zaidi kwa sabuni. Mwaka 2016 leseni ikahamia kwa Shiseido ya Japani, na mkataba huo ulipovunjwa mwishoni mwa 2021, Dolce & Gabbana iliamua kuiendesha biashara hiyo yenyewe kuanzia 2022. Katika mpango wa leseni mwenye jina hupata mrabaha na mwenye kiwanda hubeba gharama na hatari. Nyumba ikiamua kujitwisha hatari hiyo, ni dalili kwamba imehesabu ikaona faida inayokwenda kwa mwingine ni kubwa mno.

Gandy alirudishwa katika matangazo ya Light Blue mara kadhaa katika miaka iliyofuata. Kwa mwanamitindo wa kiume hilo ni jambo adimu. Wengi hung'aa misimu miwili, mitatu, halafu nafasi yao huchukuliwa na mtoto wa miaka 18 aliyeonekana kituo cha basi. Kalenda ya 2008 ya nyumba hiyo ilikuwa yake peke yake, ikipigwa na Mariano Vivanco, na mwaka 2011 kikatolewa kitabu kizima cha picha zake.

UJIRA WA JUKWAANI

Watu wengi hudhani fedha ya wanamitindo ipo jukwaani. Ukweli ni kinyume chake. Kupita jukwaani mara moja hulipa kidogo, na zipo nyumba changa zinazolipa kwa nguo badala ya fedha. Kutoka katika kidogo hicho wakala hukata kamisheni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 20, na mara nyingi hukata pia gharama alizotanguliza: nauli, chumba cha kulala, picha za kujitangazia. Kijana anaweza kumaliza msimu mzima wa Milan na Paris, akaonekana katika majarida, kisha akarudi nyumbani akiwa na deni kwa wakala wake. Wakulima wa pamba waliowahi kukatwa mbegu na dawa kabla ya kuona malipo wanaufahamu utaratibu huo vizuri.

Fedha ipo katika matangazo, na hasa matangazo ya muda mrefu ambayo humfunga mwanamitindo kwa bidhaa moja. Malipo hayo yanaangalia picha itatumika wapi, kwa muda gani, na kama mtu huyo amezuiwa kuwatangazia washindani. Mkataba wa namna hiyo unafanana zaidi na kodi ya pango kuliko ujira wa kibarua. Ndiyo maana mkataba ambao Tyson Beckford, kijana mweusi wa New York, aliupata kwa Ralph Lauren katikati ya miaka ya 1990 ulizungumzwa sana. Alikuwa uso wa Polo kwa muda mrefu, na hakuhitaji kukimbizana na kila jukwaa.

Hata huko juu, wanaume katika kazi hii ni maskini kwa kulinganisha. Kwa hesabu za jarida la Forbes la Marekani za mwaka 2013, mwanamitindo wa kiume aliyeongoza kwa mapato, Sean O'Pry, alikuwa amepata dola milioni 1.5 kwa mwaka, na Gandy alimfuata kwa dola milioni 1.4. Mwaka huohuo Gisele Bündchen wa Brazil, kwa upande wa wanawake, alihesabiwa dola milioni 42. Ni karibu mara 28. Sababu yake ni soko: wanawake hununua nguo na vipodozi kwa wingi na mara kwa mara, wakati mwanamume hununua suti akienda harusini na hununua tena ile ya kwanza ikichanika.

Hapa ndipo hesabu ya Gandy inapowahusu wenye maduka. Mtu anayelipwa kwa siku, hata siku hiyo ikiwa na thamani kubwa, mapato yake husimama siku anapougua au anapozeeka. Mwaka 2014 alianza kutoa nguo zenye jina lake katika maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza chini ya chapa ya Autograph. Wenye ndoto za jukwaani wangetegemea suti za vipande vitatu, vazi ambalo yeye mwenyewe alijulikana kwalo. Badala yake zilikuwa boksa, fulana za ndani, pajama na kanzu za kuvalia nyumbani. Mwaka uliofuata zikaongezwa nguo za kuogelea. Mwaka 2021 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, David Gandy Wellwear, inayohusika na nguo za starehe za nyumbani.

Kwa maneno mengine, mtu aliyekaa miaka 20 katikati ya mitindo alipotaka kuweka jina na fedha zake mahali fulani, alikwepa kile kinachobadilika kila msimu. Boksa haina majira. Mwanamume mwenye boksa sita zilizochoka atanunua nyingine, mabega yawe mapana au membamba.

KALENDA YA MITINDO

Hata hivyo si kila mfanyabiashara anaweza kuuza boksa peke yake, na anayeuza suruali, mashati na makoti hana budi kuijua kalenda ya majukwaa, kwa kuwa ndiyo inayoamua mali gani itapatikana kwa bei gani.

Nguo za kiume huonyeshwa mara mbili kwa mwaka. Januari huonyeshwa nguo za majira ya baridi yatakayokuja mwishoni mwa mwaka huo, na Juni huonyeshwa nguo za majira ya joto ya mwaka unaofuata. Msafara huanzia Florence, Italia, katika maonyesho ya biashara ya Pitti Uomo yaliyoanzishwa mwaka 1972, kisha Milan, kisha Paris. London nayo ilijiingiza Juni 2012 kwa wiki yake ya nguo za kiume, na Gandy akawa mmoja wa mabalozi wake. Wiki hiyo ilibadilishwa jina mwaka 2017, na Juni 2020, wakati wa korona, ikaendeshwa kwa njia ya intaneti huku mavazi ya kiume na ya kike yakiunganishwa pamoja. Balozi aliendelea na biashara zake.

Kwa mnunuzi, Florence ina maana kubwa kuliko Paris. Paris kuna taa na wasanii mstari wa mbele. Florence wenye maduka hupita kutoka kibanda hadi kibanda, wakishika kitambaa, wakiuliza bei na kuandika oda. Kati ya oda hizo na siku nguo zinapofika dukani hupita kama miezi sita, muda wa kununua kitambaa, kushona na kusafirisha. Miezi hiyo sita ndiyo nafasi ya mwigaji. Picha za jukwaani huonekana dunia nzima jioni ileile, na kiwanda chenye haraka kinaweza kuwa na nakala sokoni kabla ya aliyebuni hajapeleka mzigo wake.

Afrika Mashariki huletewa mtindo kwa njia mbili zenye mwendo tofauti kabisa. Njia ya kwanza ni ya mzigo mpya, ule unaofuatwa Guangzhou na Istanbul na kuuzwa Kariakoo. Huu huja upesi, wakati mwingine sambamba na Ulaya. Njia ya pili ni ya mitumba. Mzungu hununua suruali, huivaa misimu kadhaa, huichoka, huitoa. Inachambuliwa, inafungwa katika belo, inapanda meli. Mpaka inafunguliwa Karume, imepita miaka. Kwa hiyo wakati mmoja, katika mji mmoja, duka la Kariakoo linauza mtindo unaoingia na meza ya Karume inauza mtindo unaotoka, na wote wawili wanamgombea mteja yuleyule.

Wakati mkato hautikisiki, tofauti hiyo haimuumizi mtu. Mkato wa kubana ulitawala kwa muda wa karibu miaka 15, na mwenye mitumba na mwenye mzigo mpya walikula pamoja. Tatizo huja mkato unapogeuka.

UPEPO UMEGEUKA

Ulianza kugeuka katikati ya miaka ya 2010. Juni 2016 nyumba ya Balenciaga ilionyesha nguo za kiume jukwaani kwa mara ya kwanza, chini ya Demna Gvasalia, na humo yalikuwamo makoti yenye mabega mapana kama mlango wa kabati. Wengi walicheka. Miaka miwili baadaye, Juni 2018, Mmarekani Virgil Abloh alionyesha kazi yake ya kwanza kwa Louis Vuitton, suruali zikiwa zimelegea na kurundikana juu ya viatu, na hapo wenye maduka wakaacha kucheka. Abloh alifariki Novemba 2021, na mwanamuziki Pharrell Williams aliyechukua nafasi yake alifanya onyesho lake la kwanza Juni 2023 juu ya daraja la Pont Neuf, mjini Paris.

Tukio lenye kufunga mjadala lilitokea Dior kwenyewe. Nyumba iliyoubana ulimwengu mwaka 2001 ilimleta Jonathan Anderson, na Juni 2025 akaonyesha, miongoni mwa nguo nyingine, kaptura pana zilizokunjwakunjwa kwa kitambaa kingi. Slimane mwenyewe alikuwa ameondoka Celine, nyumba yake ya mwisho, Oktoba 2024. Yeyote anayeagiza suruali za kubana leo kwa wingi, kwa matumaini kuwa upepo utarudi mwakani, anacheza kamari na mtaji.

Jambo moja lisisahaulike. Nguo zimepanuka, lakini miili ya jukwaani haikupanuka nazo. Nguo kubwa bado huvalishwa vijana wembamba, ili zionekane zinaelea. Mteja wa Kariakoo mwenye kitambi akivaa suruali hiyohiyo haielei. Humjaza. Hilo ndilo kosa linalofanywa na waagizaji wanaochagua kwa picha: wanaagiza upana wa jukwaani wakati mteja wao alihitaji upana wa kukalia kwenye daladala bila kupasuka matako. Mkato wenye nafasi ya wastani, kiuno juu kidogo, paja huru na mguu ulionyooka, huuzwa kwa kijana na kwa baba yake. Bwanga lenyewe, lile la kufagia chini, ni la vijana, na vijana huchoka haraka.

Nguo za harusi, sendofu na kanisani ziko katika kundi lao. Bwana harusi hataki kuonekana mtu wa jukwaani. Anataka picha yake isichekwe na wajukuu. Suti ya Gandy, ya vipande vitatu yenye bega la kawaida na kiuno kilichoshikwa kidogo, iliuzika wakati wa wembamba na inauzika sasa. Mwenye duka la suti anaweza kubadili mguu wa suruali kidogo kidogo kila anapoagiza na asipate hasara kubwa.

HESABU YA BELO

Kwa upande wa mitumba, upana unagusa hesabu kwa namna ambayo wengi huigundua wakiwa wamekwisha kulipa. Belo huuzwa kwa uzito, na belo la kawaida ni la kilo 45. Suruali pana ina kitambaa kingi, hivyo ina uzito mkubwa. Kwa mfano, kama jinzi ya kubana ina uzito wa gramu 500, belo litatoa suruali 90. Kama jinzi pana ina gramu 750, belo lilelile litatoa 60. Belo likinunuliwa kwa shilingi 900,000, suruali ya kwanza imemgharimu muuzaji shilingi 10,000, na ya pili shilingi 15,000, kabla ya ushuru wa meza, mbeba mzigo na zile zilizochanika ambazo hukosekana kwa nadra sana. Mfano huu ni wa kuonyesha njia tu, na kila mtu aweke bei na mizani yake, lakini uelekeo haubadiliki: mtindo mpana huongeza gharama ya kila pande moja, na anayeendelea kuuza kwa bei ya mazoea anajila mwenyewe.

Hali ni hiyohiyo kwa mzigo mpya unaosafirishwa kwa ndege kwa kilo. Mwenye kontena ana nafuu kidogo, ingawa naye analipia nafasi, na suruali pana hula nafasi.

Dhidi ya gharama hiyo ipo faida moja ambayo haionekani katika ankara. Suruali pana inaweza kupunguzwa. Fundi mwenye cherehani nje ya duka huipitisha mshono mmoja ndani ya mguu, akatoza fedha ndogo, na mteja akaondoka na upana anaoutaka. Suruali ya kubana haina pa kuongezea. Kiwandani mshono wake uliachiwa kitambaa kidogo sana ili kuokoa gharama, na nyingi zimechanganywa na nyuzi za kuvutika ambazo zikifumuliwa huacha alama ya sindano. Mzigo mpana ukikosea, fundi anaurekebisha; mzigo mwembamba ukikosea, hakuna dawa isipokuwa kushusha bei.

Kwa wenye suruali za kubana stoo, kila mwezi zinapokaa hupoteza thamani, na kodi ya stoo haisubiri. Zile zenye kitambaa kizuri, ambazo si za kuvutika, bado zina wanunuzi mikoani na kwa mafundi wanaozikata kuwa kaptura. Za kuvutika ziuzwe kwa mafungu mapema, kwa bei ya kurudisha nauli ikibidi, kabla meza za Karume hazijajaa zile zinazotupwa Ulaya hivi sasa. Oda za mzigo wa sikukuu za mwisho wa mwaka kwa kawaida hulipiwa malipo ya awali miezi mitatu au minne kabla. Kabla ya kulipa, mwagizaji aombe sampuli moja, aivalishe mtu wa saizi ya wateja wake, amkalishe kitini, na aangalie mshono wa ndani umeachiwa kitambaa kiasi gani.